Nilisema "Inawezekana", Wakaandika "Mama Akiri"

"Mama wa mpishi, hiyo sumu mwanao aliinunua wapi?"

Niliulizwa hivyo kwenye foleni ya maji, watu wakacheka. Mpaka leo uvumi huo unanizunguka masikioni kama mbu.

Binti yangu ni mpishi wa shule ya chekechea. Jumatatu moja watoto tisa waliumwa matumbo. Jumatano mwandishi wa gazeti akabisha mlangoni kwangu. Nikampa kiti. Mgeni ni mgeni.

"Mama, inawezekana maziwa yalikuwa mabovu?"

"Mwanangu, mimi sikuwepo. Inawezekana, kila kitu kinawezekana."

Akaandika, akaaga. Kesho yake, ukurasa wa kwanza: MAMA AKIRI: BINTI YANGU ALIWANYWESHA WATOTO MAZIWA MABOVU. Pembeni picha ya binti yangu akicheka, siku ya harusi ya binamu yake!

Wazazi wakaja juu. Mwalimu mkuu akamwambia binti yangu akae nyumbani mpaka upepo upite.

"Mama, umeniuza," binti aliniambia, akafunga mlango wa chumba.

Nililichukua gazeti, nikaenda mbio kwa jirani yetu, Mzee Miwani. Alisahihisha kurasa za magazeti miaka thelathini. Alisoma, akasonya.

"Huyu hakuandika habari, kaipika. Alimuuliza binti yako?"

"Wapi!"

"Na daktari?"

"Majibu ya daktari yalibandikwa mlangoni mwa ofisi ya shule Jumatano hiyohiyo asubuhi. Ni maji ya tangi. Panya alifia humo!"

"Kwa hiyo alishindwa hata kwenda kusoma mlango. Sikiliza, jirani. Wewe ulikisia kwa adabu, yeye akayafanya maneno yako ushahidi. Mwandishi mwaminifu humsikiliza anayetuhumiwa, hukagua, ndipo huandika."

Tulikwenda ofisi ya gazeti watatu, mimi, binti yangu na Mzee Miwani, na nakala ya majibu ya daktari mkononi. Mhariri akatabasamu.

"Tutaweka mistari miwili, ukurasa wa kumi na nne."

Damu ikanichemka. "Mmemvua mwanangu nguo sokoni, halafu mnataka kumvisha chooni?"

Mzee Miwani akanyoosha kidole kwenye kanuni za gazeti, zilizotundikwa ukutani nyuma ya mhariri. "Soma ya nne. Kwa sauti."

Mhariri akageuka. "Kosa... husahihishwa palepale lilipotendwa." Tabasamu likamkauka.

Jumamosi, ukurasa wa kwanza, herufi zilezile: TULIKOSEA. Jumatatu binti yangu alirudi jikoni. Ananisalimu. Kucheka na mimi, bado.

Basi wewe unayesoma, jiepushe na haya:

Usimjibu mwandishi jambo usilolijua. Sema "sijui", kisha nyamaza.

Usiamini kichwa cha habari kabla hujasoma habari yenyewe.

Usiamini habari ambayo mtuhumiwa hakuulizwa.

Usisambaze picha ya mtu kwa tuhuma ambayo haijathibitishwa.

Usikubali kosa la ukurasa wa kwanza lisahihishwe uchochoroni.

Na kwenye foleni ya maji, usimwulize mama mwenzio swali ambalo hungependa kuulizwa juu ya mwanao.