Stelingi Hana Mshenga

Sauti ndiyo iliyomponza Mwanne. Asubuhi ile pale mwaloni Katonga, watu wamebanana wakigombea samaki, migebuka iliyoshushwa sasa hivi, akasikia mtu nyuma yake akimsalimia muuzaji kwa Kiha, "Mwakeye mama, nipunguzie basi." Mwanne akageuka na beseni lake. Sauti ile aliijua: ndiyo iliyokuwa ikitafsiri filamu kwenye banda la video la Ujiji, ikiwasemea stelingi shujaa, majambazi, mabibi harusi na hata mbwa.

"Kumbe stelingi mwenyewe ndiye huyu! Mbona mwembamba hivi?"

"Stelingi hapimwi kwenye mizani, dada," kijana yule, Abeid, alijibu, macho yameganda kwenye kitenge cha manjano cha Mwanne. "Nipe namba, nikutafsirie vizuri."

Akampa. Miezi sita simu haikupoa. "Umekula, malkia?" "Nitakulaje sijasikia sauti yako?" Mapenzi yalimkolea Mwanne mpaka akawa anaunguza mchuzi.

Kisha ikaja posa ya mwenye duka wa Kasulu. Mwanne akapiga simu akilia. "Abeid, lete mshenga kabla ya Ijumaa. Baba hataki kungoja."

"Atakuja, mpenzi. Baba mdogo atakuja."

Ijumaa ikafika, mshenga hakuonekana, na simu ya Abeid ikawa haipokelewi. Mwanne akaamini amechezewa. Wazee walipomuuliza kama anaikubali posa ya Kasulu, alinyamaza kwa uchungu. Nao, kama ilivyo ada, wakakihesabu kimya cha mwari kuwa ndiyo.

Kesho yake mchana akajitanda mtandio, akaenda bandani amtukane mbele za watu. Ilikuwa filamu ya familia, ya kauboi mashuhuri, na mabenchi yalijaa akina mama na watoto. Mwisho ulikuwa umekaribia: kauboi ameukomboa mji, mwanamke kasimama barazani, farasi ametandikwa. Abeid, DJ wa banda, kipaza sauti mkononi, akamwona Mwanne mlangoni. Kauboi akafungua kinywa.

"Baba mdogo amekataa kwenda kwenu," Abeid akamsemea. "Anasema kupiga kelele bandani si kazi ya kuombea mke. Nimemwangukia mara tatu. Ningekuja mwenyewe, lakini nani aliwahi kujiposea? Nikaona aibu hata kupokea simu yako."

Watu wakacheka, kauboi ana baba mdogo! Mwanne hakucheka. Hasira zilimwishia, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Mtu huyu aliwasemea walimwengu wote, yeye akakosa wa kumsemea.

Mwanamke wa filamu akainua uso kujibu. Abeid hakumtafsiria. Alingoja.

"Mahari imepokelewa jana," Mwanne akasema, kwa sauti iliyofika mbele.

Kauboi akageuza farasi, akaondoka zake. Watoto wakaanza kugonga mabenchi. "Sema anarudi! DJ, sema anarudi!"

Abeid akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Anarudi," akasema.

Banda zima likapiga makofi. Mama mmoja akamgeukia Mwanne, akamkuta kasimama tu.

"Piga makofi, mwanangu. Si umesikia anarudi?"

Mwanne akapiga.