Somo la Pili la Celestina

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, Mkolani karibu na Mwanza palikuwa na ghala moja la pamba. Msimu wa pamba lilijaa magunia. Msimu ukiisha, lilijaa watu. Ikifika saa kumi alasiri, wakulima waliegemeza majembe yao mlangoni, wakaingia ndani kujifunza kusoma. Waliketi juu ya magunia matupu. Hewa ilinukia mbegu za pamba, na mtu akipiga chafya darasa zima lilimwombea heri.

Bernadetta hakukosa hata siku moja. Alikuwa mjane, mtu wa Bukoba. Mumewe alikuja Mwanza kufanya kazi ya reli, na Mungu akamchukua huku huku. Kitabu chake cha kisomo alikifunga katika kitambaa kimoja na rozari, maana vyote viwili alivishika kila siku. Na mwalimu wake alikuwa binti yake wa kumzaa, Celestina.

"Mama, tusomee mstari wa tatu."

"Shikamoo, mwalimu," Bernadetta alijibu, akasimama.

Darasa likaangua kicheko. Mzee Shimba, mfugaji wa jirani, akapiga goti lake kwa kiganja.

"Haya, leo ng'ombe anamwamkia ndama!"

"Ndama huyu ana chaki, Mzee Shimba. Ngoja zamu yako."

Ndivyo walivyosoma siku zile, kwa kicheko na kwa jasho. Bernadetta hakujua kwamba siku hizo zilikuwa zinahesabika.

Siku moja barua ikaja. Celestina alikuwa amemaliza kidato cha sita, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafundisha kisomo miaka miwili. Tawi la chama lilipeleka jina lake. Sasa chuo kimoja cha Dar es Salaam kilimwita kusoma saikolojia.

"Ndiyo nini hiyo?" mama yake aliuliza.

"Ni elimu ya nafsi, mama. Kujua mtu anavyofikiri, anavyojifunza, anavyoogopa."

Lakini ndani ya bahasha mlikuwa na fomu, na katika fomu palikuwa na mstari mtupu. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua somo la pili, la kwenda pamoja na somo lake kuu. Yalikuwa matano: uchumi, Kiingereza, takwimu, sosholojia, elimu ya watu wazima. Fomu ilitakiwa iwe posta kabla ya Alhamisi. Asiyejibu, nafasi yake angepewa mwingine.

Habari haina miguu, lakini ilifika kila nyumba kabla ya jua kuchwa. Na ilivyofika, ilikuwa imekwisha kupinda: binti wa Bernadetta anakwenda kusomea wendawazimu.

Jumapili, baada ya misa, akafika Ponsian, mdogo wa marehemu. Alikuja na meli ya Bukoba, ameleta mkungu wa ndizi na kahawa ya kutafuna iliyofungwa katika jani la mgomba. Katika ukoo wao kikao hakikufungwa kwa maneno. Kahawa ilipitishwa, kila mtu akatafuna punje yake. Ukishatafuna, umekubali, na neno halifunguliwi tena.

Celestina akampa fomu. Ponsian aliigeuza mara mbili, akairudisha.

"Nisomee, mwanangu. Miwani nimeisahau melini."

Celestina akasoma yote matano. Baba yake mdogo akafikiri, akatikisa kichwa.

"Hilo la kwanza limekwisha andikwa, hatuwezi kulifuta. Basi la pili lilifunike la kwanza. Watu wakituuliza binti yetu anasoma nini, tutajibu uchumi. Tutanyamaza hapo hapo."

"Baba mdogo, hesabu zilinishinda tangu kidato cha nne."

"Utazizoea. Mbona Severine, mwanangu wa kwanza, alikwenda kusoma huo huo uchumi?"

"Na akarudi kabla ya mwaka kwisha," alisema Bernadetta taratibu.

Ponsian akakohoa. "Alirudi kwa sababu ya chakula cha pwani, shemeji. Tumbo lilimkataa."

"Rafiki yangu Justa naye ameitwa chuo hicho hicho," Celestina alisema. "Amechagua Kiingereza. Nikiandika Kiingereza tutakaa pamoja, sitakuwa mgeni."

"Kiingereza! Tukupeleke Dar es Salaam ukamfuate Justa? Andika uchumi."

Akafungua jani, akamimina kahawa katika kibakuli, akakinyoosha kwa Celestina. Binti aliangalia mlango, akamwangalia baba yake mdogo. Mkono wake ukaanza kwenda.

Ndipo Bernadetta alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe katika ukoo ule. Alikifunika kibakuli kwa kiganja chake.

"Shemeji, nisamehe. Kahawa hii isubiri. Neno bado halijaiva."

Ponsian akakiweka kibakuli chini.

"Lini litaiva?"

"Kesho. Kuna mtu nataka tumwulize. Kuuliza si ujinga."

Mtu huyo alikuwa Tereza Masalu, bibi wa ustawi wa jamii. Kila Jumatatu alikuja zahanati ya Mkolani kusikiliza shida za akina mama. Walimkuta amekaa barazani, mwavuli mkubwa umelala miguuni pake. Ponsian naye alikwenda. Alisema anakwenda kusikiliza tu.

Tereza alisoma fomu, akacheka hata miwani ikamshuka puani.

"Kumbe ndiye wanayesema anakwenda kusomea wendawazimu! Mimi nilisoma saikolojia hiyo hiyo. Je, mzee wangu, nina wazimu?"

Ponsian akatazama viatu vyake. "Sikusema hivyo mimi. Ni watu."

"Watu wana midomo. Haya, binti, nisikilize. Saikolojia ni jembe, somo la pili ni mpini. Jembe lisilo na mpini utalimia magotini. Lakini ukichukua mpini uliochongwa kwa kipimo cha mkono wa mwenzako, utatoka malengelenge."

"Sasa mpini wangu nitaujuaje, Bibi Tereza?"

"Usiulize somo lipi lina sifa. Uliza unataka kufanya kazi gani, na watu gani. Anayetaka utafiti, kupima na kulinganisha, takwimu zitamfaa. Anayetaka mambo ya mipango na viwanda, uchumi utamsaidia. Mimi nilitaka kazi ya familia, nikachukua sosholojia. Halafu tazama matokeo yako ya shule bila kujidanganya. Somo la pili nalo lina mtihani. Ukianguka hapo, linalivuta na lile la kwanza."

Bernadetta akamkumbuka Severine.

"Tena soma karatasi hii ya nyuma," Tereza aliendelea. "Hapa wameeleza kila somo linafundisha nini. Wengi husoma jina tu. Na rafiki asikuchagulie. Mtaonana wakati wa chakula."

"Na nikikosea?"

"Ukifika, uliza mapema kama inaruhusiwa kubadili. Vyuo vingine huruhusu majuma ya mwanzo, vingine hapana. Ubaya ni kukaa kimya." Akavua miwani. "Sasa wewe niambie. Ni kazi gani ukiifanya husikii jua likipita?"

Celestina aliinamisha kichwa. Mtoto aliyelelewa vizuri hajisifu mbele ya wakubwa. Basi mama yake akajibu.

"Bibi Tereza, mimi si msomi. Lakini nina macho, na huyu nimemtazama. Tuna mzee darasani, Mzee Shimba. Mwanzoni alikuja siku tatu, akasimama mlangoni, haingii. Akasema macho yake mabovu, haoni herufi. Sote tukamwonea huruma. Huyu peke yake ndiye aliyegundua kwamba mzee anawatambua ng'ombe wake wakiwa mbali kilimani. Hakumwumbua. Alimfuata mazizini, akamwomba amchoree chini alama anayowatia ng'ombe wake. Mzee akachora kwa kijiti. Huyu akamwambia, 'Mzee, kumbe unaandika miaka yote hii! Njoo nikuonyeshe alama nyingine.' Kesho yake Mzee Shimba aliketi katikati ya darasa. Hajatoka tena."

Tereza aliweka kalamu chini.

"Basi mmekuja kuniuliza nini? Elimu ya watu wazima si hii hapa?"

"Lakini watanicheka," Celestina alisema. "Watasema nimekwenda hadi Dar es Salaam kusomea ghala la pamba."

"Waache waseme. Nchi nzima inajifunza kusoma, na wengi wamesimama mlangoni kama mzee wenu. Nani atajua kwa nini hawaingii?"

Njiani Ponsian alitembea nyuma yao. Walipofika nyumbani alikaa kwenye kigoda, akamwita Celestina.

"Yule mzee wa ng'ombe. Ulijuaje kwamba si macho?"

"Nilimpa karatasi pale mlangoni, baba mdogo. Mwenye macho mabovu huisogeza machoni. Yeye aliirudisha upesi."

Bernadetta alikuwa akimenya ndizi. Kisu chake kikasimama kidogo, kisha kikaendelea. Alimkumbuka shemeji yake jana, na fomu, na miwani ya melini. Tangu amjue Ponsian, hakuwahi kumwona na miwani.

Ponsian akainuka mwenyewe, akachukua kibakuli cha kahawa, akakinyoosha kwa mikono miwili.

"Andika hiyo ya watu wazima. Neno limeiva."

Wakatafuna wote watatu. Celestina akajaza fomu, na mama yake akainama juu ya bega lake, akasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, mpaka mwisho wa mstari. Jumatano fomu ikapelekwa posta mjini.

Ponsian alikuwa arudi Bukoba kwa meli ya Jumanne. Hakurudi. Alisema mguu unamwuma. Alasiri ya Jumanne hiyo darasa lilipoanza, Bernadetta alimwona amesimama mlangoni mwa ghala, kofia mkononi, kati ya majembe. Hakumwita. Alisogea tu, gunia likabaki na nafasi ya mtu mmoja.

"Karibu, mgeni," alisema Mzee Shimba bila kugeuka. "Ukipiga chafya tutakuombea."

Ponsian akaingia, akaketi.

Ghala lile sasa halipo, na wengi waliokaa juu ya magunia yake wametangulia mbele ya haki. Celestina alimaliza chuo vizuri. Alirudi ziwani, akawa anawafundisha walimu wa kisomo namna ya kumwona mtu anayejificha. Leo alikuwa Igoma, kesho amevuka maji hadi Kamanga, na popote alipofika watu waliosimama mlangoni waliingia.

Bernadetta alizihifadhi barua zake zote katika kile kitambaa cha rozari. Lakini iliyokuwa juu haikutoka kwa binti yake. Ilitoka Bukoba, mwaka uliofuata ule wa fomu. Herufi zake zilikuwa kubwa, nyingine zimelala, nyingine zimesimama, kama ng'ombe wanaotoka zizini. Hakuna aliyemsaidia kuiandika, na hakuna aliyemsaidia Bernadetta kuisoma. Ilikuwa na mstari mmoja tu:

"Shemeji, miwani nimeipata."