Aliyekuwa Akiuliza Wamefika Wapi

Fundi cherehani alimkuta mumewe akimjibu mtu, na nyuma ya mumewe hapakuwa na mtu.

Ilikuwa mchana, jua limesimama utosini, saa ambayo mafundi wa barabara huzima mitambo na kwenda kula. Alikuwa amempelekea chakula, maana mzee yule akishasimama pale kwenye uzio wa mabati, tumbo hulisahau kana kwamba si lake. Mzee alikuwa ameweka jicho kwenye tundu la bati, mikono ameifunga mgongoni, anasema kwa upole: "Bado wanafunga nondo za ukuta wa huku, mwanangu. Zege labda keshokutwa." Akatulia kama anayesikiliza, kisha akacheka kidogo. "Haya, haba na haba."

"Unaongea na nani, baba watoto?"

Mzee akageuka. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Si huyu kijana... alikuwa hapa sasa hivi."

Barabara ya vumbi ilikuwa tupu mpaka mwisho wake. Hata kwenye vumbi lenyewe, nyayo mbichi zilikuwa za mzee na za fundi tu. Fundi akamkabidhi bakuli, akamwambia jua limempanda kichwani, wakacheka, yakaishia hapo.

Mtaa mzima ulimwita mzee huyo Taarifa. Alikuwa mtunza stoo mpaka alipostaafu, na kazi yake mpya, isiyo na bosi, ilikuwa kufuatilia ujenzi wa njia ya chini ya kuvukia barabara kuu. Si yeye tu. Kila asubuhi kwenye mabati yale ungewakuta wauza mboga, wastaafu, na kinyozi aliyeacha wateja na ndevu nusu ili akaone katapila limechimba kiasi gani. Lakini wengine walikuja wakaondoka. Taarifa alikaa. Jioni watu walimpitia kibarazani kuuliza, naye akawaeleza shimo limefika wapi, pampu imetoa maji kiasi gani, msimamizi amemfokea nani.

"Mzee huyu, mkandarasi akifa leo," kinyozi alikuwa akisema, "kesho yeye ndiye anakata utepe."

Fundi alifurahi kumsikia mumewe akitaniwa, maana kuna kipindi nyumba ile ilikuwa haina sauti. Barabara kuu ilikuwa imewachukulia mtoto. Kitinda mimba wao, kijana wa kidato cha mwisho, alikuwa akivuka kwenda kwa dada yake aliyeolewa ng'ambo ya pili, na lori halikusimama. Baada ya mazishi yale wakazi wakasema basi, imetosha. Wakaandamana, wakalala barabarani, mpaka wakubwa wakakubali kuchimba njia, watu wapite chini na malori yapite juu. Taarifa hakuandamana. Alikaa chumbani akitazama ukuta, miezi, mpaka siku alipoona katapila likipita mbele ya dirisha lake. Akavaa viatu, akalifuata. Aliporudi, alirudi na maneno.

Kwa hiyo fundi hakutaka kuuliza sana. Mtu akipata pumzi, humwulizi ameivuta wapi.

Kisha harufu ikaingia nyumbani. Ilianzia jikoni, kwenye bomba la kutolea maji machafu: harufu ya udongo wa chini sana, ule usiowahi kuona jua, imechanganyika na zege mbichi. Akamwaga maji ya moto, akamwaga dawa. Harufu ikahamia chumbani. Ikaingia kwenye vitambaa vya wateja, mwanamke mmoja akarudisha gauni lake la harusi ya dadake akisema, "Fundi, samahani, hili umelishonea kaburini?" Wakacheka wote wawili, ila fundi alicheka kwa meno tu.

Baada ya harufu kukaja baridi. Mchana wa jua kali, mitambo ikishazimwa, sakafu ya nyumba ile ilikuwa ikipoa kama sahani ya udongo, na kwa mbali, chini ya miguu, kitu kilikuwa kikigonga taratibu.

Siku moja saa hiyohiyo alikuwa kwenye cherehani, anaingiza uzi kwenye sindano. Dirisha lilikuwa wazi nyuma yake, pazia limetulia. Sauti ikasema, karibu kabisa na sikio:

"Wa-wamefika wapi, mama?"

Uzi ukamponyoka.

Mwanawe alikuwa na kigugumizi kidogo, si cha kila neno. Kilimshika mwanzo wa sentensi tu, na akishavuka hapo alisema kama maji. Hakuna mtu mwingine mtaani aliyesema vile. Fundi hakugeuka. Shingo ilikataa. Alikaa akitazama tundu la sindano mpaka mitambo ilipoanza kunguruma tena kule shimoni, na hapo ndipo alipoweza kusimama, na alipolitazama dirisha aliona juu ya ubao wake wa ndani alama nne za vidole vilivyolowa zege, bado mbichi, vimeshika pale kama mtu aliyekuwa anachungulia akitokea chini.

Jioni alifunga mlango wakiwa chumbani na mumewe. "Niambie ukweli. Yule kijana wa kwenye mabati. Anaongeaje?"

Taarifa alikaa kitandani. Alivua kofia, akaiweka magotini. "Unajua anavyoongea."

"Tangu lini?"

"Tangu shimo lilipopita kina cha mtu. Mwanzo nilidhani vijana wananichezea. Nikageuka, hakuna. Nikaacha kugeuka."

"Na unamjibu?"

"Namjibu."

"Mume wangu, yule tulimzika!"

"Nilimwingiza mimi kaburini, kwa mikono hii, unanikumbusha nini?" Hakupaza sauti. "Najua si yeye. Mimi si mtoto. Lakini ananiuliza kitu ambacho jibu lake ninalo. Huku ndani nilikuwa nimekaa na maswali yasiyo na jibu hata moja."

Fundi akakaa kando yake. Akamshika mkono, na mkono ulikuwa wa baridi, na kwenye kucha kulikuwa na udongo mweusi wa kule chini shimoni, ambako watu wa nje hawaruhusiwi kufika.

Asubuhi alikwenda kumleta mganga. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeishi mtaa wa nyuma, mkali, asiyependa maneno mengi. Alipoingia tu ndani ya nyumba yao alisimama, akanusa, akavua viatu akakanyaga sakafu kwa kisigino.

"Mnajua mlichokifanya?" akauliza. "Pale mlipochimba palikuwa na mwenyewe. Alikuwa amelala zake. Mmemwondolea paa, mmemtolea maji yake kwa pampu, sasa amekaa nje kama mpangaji aliyefukuzwa, anasubiri nyumba imalizike arudi. Anafuatilia ujenzi kama nyinyi."

"Na sauti ya mwanangu?" fundi akanong'ona.

"Hana sauti yake mwenyewe. Huokota. Anaangalia anayemtazama amepungukiwa na nani, anachukua hiyo." Akamgeukia Taarifa. "Kila ukimjibu, unamkaribisha. Mwenye nyumba hakai peke yake, mzee. Anataka watu wa kukaa nao. Leo mchana nitamtoa humu, na sharti langu ni moja tu: asijibiwe. Aseme asemalo. Hata kikohozi kisimjibu."

Taarifa akatikisa kichwa kukubali. Fundi alimtazama usoni muda mrefu, akaona atashindwa tu mzee huyu, akakaa karibu naye ili amzibe mdomo.

Mganga akafunga milango na madirisha. Akawasha mafusho kwenye kigae, chumba kikajaa moshi mchungu. Kule nje mitambo ikazimwa, moja baada ya nyingine, kukawa kimya. Mganga akaanza kusoma kwa sauti ya chini.

Kitu kikagonga chini ya kitanda. Kikagonga chini ya cherehani. Kisha sauti ikasema kutoka jikoni, kwa furaha, "Wa-wamefika wapi, baba?" na Taarifa akafumba macho. Ikauliza tena ikiwa dirishani, tena ikiwa juu ya dari, tena ikiwa ndani ya kabati la nguo, na mganga akaongeza sauti, na moshi ukaanza kukimbilia mlangoni kana kwamba mtu anausukuma, na baridi ya sakafu ikaanza kujikunja kutoka pembe za chumba kuelekea nje, na fundi akahisi kweli kinatoka, kinaburutwa, na huku kinaburutwa sauti ile ikawa inapungua umri, ikawa ya kijana wa shule, ikawa ya mtoto anayeota meno mapya, ikawa ya kichanga asiyejua maneno, halafu pale kizingitini ikarudi kuwa ya kijana mkubwa, lakini sasa inalia, inasema kwa kwikwi, "Ni-niliita, lori liliponipiga nilikuita, mbona hukuja?"

Taarifa alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanapita katikati ya vidole. Hakutoa hata pumzi.

"Sikusikia, mwanangu!" fundi alipiga kelele. "Wallahi sikusikia!"

Sauti ikakatika. Moshi wote ukarudi ndani kwa mkupuo mmoja, kigae kikapasuka.

Mganga akaanza kukusanya vitu vyake. "Nilimwangalia baba," alisema, kama anayejisemea. "Nilimwangalia baba, nikamsahau mama."

"Fanya tena," fundi akamwomba. "Nakuomba, dada yangu. Fanya tena, nitanyamaza."

"Ameitikiwa na mama mzazi. Hilo sina dawa yake, na nikikwambia ninayo nitakuwa nakudanganya." Akafungua mlango. Jua likaingia. "Ametoka humu, hilo kweli. Atakaa kwake pakimalizika. Ila wewe ameshakuita ukaitika. Usipite kwenye njia ile."

Nyumba ikapata joto, harufu ikaisha, na fundi akashona kimya kimya mpaka njia ya chini ikakamilika. Taarifa hakwenda tena kwenye mabati. Watu wakimwuliza habari za ujenzi alisema, "Kawaulizeni wenyewe." Alikuwa akimtazama mkewe, na usingizini alimshika kanga kwa ngumi, kwa sababu mara mbili alishamkuta amesimama mlangoni, amevaa viatu, hajui anakwenda wapi.

Siku ya kufungua njia mtaa mzima ulijaa. Kulikuwa na spika, hotuba, utepe. Binti yao alisimama upande wake wa ng'ambo na wanawe wawili, anapunga mkono, watoto wanaruka. Fundi alikuwa nyuma kabisa ya umati, mumewe amemshika kiwiko. Utepe ulipokatwa watu wakaanza kushuka wakishangilia, na fundi akaona miguu yake nayo inashuka. Hakuwa ameiambia.

"Mama watoto," Taarifa akasema. "Simama."

"Nashindwa."

Alimgeuza, akambana kwenye nguzo ya taa, akamvua kanga ya mabegani akamfungia pale mikono, fundo la stoo lisilofunguka upesi. Watu walidhani wazee wanataniana. "Amekuita wewe," alimwambia sikioni. "Nakwenda mimi, nimwambie umenituma. Labda atakubali."

"Usiende! Baba watoto, usiende, nitazoea, nitahama—"

"Kuna taa nzuri mle. Nimeziona wakizifunga." Akampapasa shavu, akaingia katikati ya watu. Kofia yake ilionekana mpaka pale kivuli kinapoanzia.

Kinyozi ndiye aliyemfungua fundi, akicheka, mpaka alipomwona macho.

Upande wa pili walitoka watu wote, ila Taarifa. Binti yao alisubiri mpaka wa mwisho. Njia yenyewe haikuwa ndefu, haina kona wala mlango, ukisimama huku unaona mwanga wa kule. Walitafuta. Wakafungua mifuniko ya mitaro, wakaleta mbwa. Mbwa wakakataa kushuka. Mkandarasi akasema mzee atakuwa alitoka bila kuonekana. Hakukuwa na mwili, wala kofia.

Kweli fundi hakuitwa tena. Miguu ikawa yake. Na barabara ile haikuua tena. Watu wote wakapita chini, wakasifu taa, wakasifu ubaridi wa mle wakati wa joto. Yeye peke yake alivuka juu, katikati ya malori, madereva wakimtukana, na hakuna aliyeelewa kwa nini mama aliyefiwa na mtoto barabarani anacheza na barabara.

Alimkanya binti yake asipitishe watoto mle. Binti alimwambia, "Sawa, mama," kama watu wanavyowaambia wazee.

Kisha mchana mmoja binti akaja, amechangamka, mashavu yamejaa. Fundi hakuwa amemwona hivyo tangu mzee apotee. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika mikono ya mama yake.

"Mama, usinifikirie vibaya. Nimemsikia baba."

Fundi akazima cherehani.

"Hapo chini, nikiwa napita peke yangu. Alikuwa nyuma yangu kidogo. Sauti yake kabisa, mama."

"Ukanyamaza," fundi alisema. "Niambie ulinyamaza."

"Ningenyamazaje? Ni baba."

Fundi alifungua mdomo amgombeze, akakumbuka. Yeye ndiye aliyepiga kelele kizingitini. "Alitaka nini?"

"Hakutaka kitu. Alisalimia tu. Akaniuliza wajukuu hawajambo, na kama siku hizi wanapita njia ya chini wakitoka shule."

"Ukamjibu nini?"

Binti alitabasamu, akajifuta macho kwa kiganja. "Nikamwambia wanapita, baba. Kila siku, saa kama hizi."