Usimwambie, Roboti

Kantini ya chuo kikuu pale Gqeberha, Afrika Kusini, ilifurika mchana huo, na Nosiphiwo, mshona viti wa kiwanda cha magari, alimkanyaga Mzukisi kabla hata ya salamu.

"Yoo, samahani kaka! Nawatafuta wale wa utafiti wa roboti, nimeitwa kujaribiwa."

"Umeshamkanyaga mmoja wao."

Binti akacheka. Gauni lake la njano lilimkaa, usiseme! Mzukisi akampeleka maabara, akamvisha miwani mikubwa yenye picha ndani, na mara Nosiphiwo akajiona yuko kiwandani, mkono wa chuma ukimpokeza vitambaa. Watafiti walitaka kujua kama mtu na roboti wataelewana kazini. Ila roboti yenyewe ilikuwa haijajua kitu. Mzukisi ndiye aliyeiendesha na kuisemea, kajificha nyuma ya pazia na kipaza sauti kilichoigeuza sauti yake, na taratibu ya utafiti ilikuwa mshiriki asiambiwe mpaka siku ya mwisho.

Haikupita wiki Nosiphiwo akaizoea. "Hebu niambie, ndugu wa chuma. Yule kijana anayenivisha miwani ana mtu?"

Nyuma ya pazia, Mzukisi akakisogelea kipaza sauti. Alipaswa kunyamaza. "Hana," roboti ikajibu.

"Basi mwambie nampenda. Wee, usimwambie! Mdomo huu utaniponza."

Furaha ilimlevya Mzukisi, asiiwaze siku ya mwisho. Nayo ikafika. Pazia likavutwa, Nosiphiwo akamwona pale, kipaza sauti mdomoni. Hakugomba. Aliiweka miwani mezani taratibu, akaenda zake.

Mzukisi alipiga simu hadi akachoka; haikupokelewa. Jumamosi akajipeleka getini kiwandani. Nosiphiwo akatoka na ovaroli lake, kilemba chekundu kichwani.

"Leo umekuja mwenyewe, au kuna anayekuendesha?"

"Mwenyewe, Nosi. Nilikosea. Uliponiuliza, ningetoka nikakujibu usoni."

"Umeniibia siri ya moyo, Mzukisi! Nimeona aibu mpaka kula sili."

"Najua. Na mimi nakupenda. Nicheke ukitaka, mbele ya hawa wote."

Wafanyakazi wenzake Nosiphiwo walishasimama kutega masikio. Hasira alikuwa nazo bado, na kumpenda alimpenda.

"Unapenda kusema kupitia kwa mwingine, siyo?" akamwambia polepole. "Haya. Tuma washenga kwa baba. Wakusemee wao, wewe ubaki kwenu unatetemeka. Safari hii mimi ndiye nitakayejibanza mlangoni nisikilize."