Aliyekuja na Koti la Phanice

Phanice alikuwa katikati ya hadithi yake, jina la nahodha likamponyoka. Alifumba macho, akapigapiga vidole, kisha akacheka.

"Aki nimesahau! Yule mzee wa mashua, yule alikataa kabisa kushuka kisiwani."

"Mmadi," Chelangat akasema.

"Eeh, Mmadi!" Phanice akaendelea kueleza vile mzee huyo alivyotia nanga mbali na mchanga mweusi, na watu wa ofisi wakaendelea kunywa chai. Hakuna aliyeshtuka. Ni Chelangat mwenyewe tu ambaye kikombe chake kilisimama njiani kati ya meza na mdomo, kwa maana jina lile hakuwahi kulisikia popote. Komoro hakuwa amefika. Hata Mombasa hakuwa amefika.

Ofisi yao ilikuwa nyumba ya mabati katikati ya mashamba ya chai, si mbali na mji wa Kericho, na kazi yao ilikuwa kulinda kipande cha msitu kilichobaki kando ya mto. Chelangat alianza kazi pale mwaka wa themanini na nne. Miaka tisa alitembea chini ya miti ile akihesabu mbega. Alijua ni jike gani lilipoteza mtoto kwa tai, ni dume gani lilifukuzwa likahamia ng'ambo, na wengine alikuwa amewapa majina ambayo hakumwambia mtu. Phanice alikuja baadaye sana kutoka Kisii, na diploma yake na Kiingereza kinachoteleza. Walipatana tangu siku ya kwanza. Walikula sahani moja, wakasukana nywele Jumamosi, na Chelangat ndiye aliyemfundisha kutofautisha mti wa tebeswet na wa tendwet kwa kunusa majani.

Kisha, mapema mwaka wa tisini na tatu, barua ikaja. Mtu mmoja wa ofisi angeenda wiki sita katika visiwa vilivyozaliwa na volkano, kule kwenye bahari ya Komoro, kusaidia kuhesabu popo wakubwa waliokuwa karibu kwisha duniani. Siku ya kutangazwa, Chelangat alivaa rinda lililopigwa pasi mara mbili. Bwana Ombati, mkubwa wao, akalisoma jina la Phanice.

Chelangat alipiga makofi kuliko wote. Viganja vilimwasha hadi jioni.

Zile wiki sita alizila kama mtu anayetafuna mchanga. Akimwaga mahindi sufuriani, alijiuliza Phanice anakula nini. Akipanda mlima kutoka mtoni, anajiuliza Phanice anapanda mlima gani. Na alipojiambia kwamba rafiki yake hakumnyang'anya kitu, moyo ulimjibu kwamba amenyang'anywa, tena mchana, watu wakiona.

Phanice alirudi siku ya mvua ya mawe. Alimkumbatia Chelangat mlangoni, akavua koti lake la mvua likichuruzika, akampa.

"Nitundikie, dada. Nimekumiss mpaka nikalia."

Chelangat akaingia nalo katika chumba cha kuwekea gamubuti, akafunga mlango. Koti lilinuka kiberiti kilichowashwa sasa hivi, na chini ya kiberiti kulikuwa na harufu ya ua tamu, tamu kupita kiasi. Akalivaa. Lilimkaa vizuri.

"Hii safari ilikuwa yangu," akanong'ona.

"Basi chukua," sauti ikajibu nyuma ya sikio lake.

Aligeuka. Gamubuti zimejipanga ukutani, mawe ya mvua yakipiga mabati, na hakuna mtu. Ilikuwa sauti ya upole, na Kiswahili chake kilikuwa laini, Kiswahili cha pwani, ambacho hakuna mtu wa Kericho angekitamka hivyo. Alilivua koti, akalitundika, akatoka kwenda kumimina chai. Hakumwambia mtu. Na siku iliyofuata ndipo alipolitaja jina la Mmadi.

Baada ya hapo mambo yalimjia yenyewe. Alikuwa akifua, mara akakumbuka ngalawa ikiyumba na chumvi ikimkauka midomoni. Alikuwa kanisani, akakumbuka mteremko wa mawe meusi na moshi ukitoka kwenye nyufa, na alipoangalia chini aliona kwamba ameinua nyayo, kwa sababu sakafu ilikuwa ya moto. Na kila kilichomjia, Phanice alikipoteza. Leo amesahau jina la kisiwa, kesho amesahau chakula, keshokutwa anaziangalia picha zake mwenyewe na kuuliza ni nani huyu amesimama karibu na mti.

Msituni, mbega walianza kumkimbia Chelangat. Akiingia tu, matawi ya juu yanatikisika, kisha kimya. Katika kimya hicho, saa sita mchana, jua likiwa wima, alisikia nyuma yake kitu kikikunjuka kama mwavuli mkubwa wa ngozi, halafu kikijikunja tena, taratibu, na harufu ya lile ua ikimpita shavuni.

Alipaswa kusema. Alijua hivyo. Lakini Bwana Ombati alikuwa amempanga Phanice kuzungumza na walimu katika ukumbi wa kanisa mjini Bomet, na siku hiyo Phanice alisimama mbele ya watu mia moja, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Alimwangalia Chelangat kama mtu aliyeteleza mtoni. Chelangat akasimama. Alisimulia saa nzima. Aliwaambia vile popo wale walivyoning'inia mchana, wamejifunika mabawa kama wazee waliojifunga mablanketi asubuhi ya baridi, na vile majike yalivyobeba watoto kifuani yakiruka juu ya shimo lenye moshi. Walimu walisahau soda zao. Walipopiga makofi, Chelangat alihisi kitu kimoja tu, utamu, na utamu huo ukateremka mpaka kwenye magoti.

Wakirudi kwa matatu, Phanice alimshika mkono. Alizungumza chini chini, kama anayeogopa kusikiwa.

"Chelangat, kumbe ulienda lini?"

"Umechoka, dada. Pumzika."

"Na mimi hizo wiki sita nilikuwa wapi?"

Chelangat aliangalia nje ya dirisha, kwenye chai.

Labda yangeishia hapo. Lakini jicho lililozoea kutamani halitulii mahali pamoja. Phanice alikuwa na mtoto wa miaka mitatu, Nyambeki, aliyeshinda kwa jirani na kumngojea mamake langoni kila jioni. Chelangat alikuwa ameolewa miaka kumi na mmoja bila mtoto. Ijumaa moja mtoto yule alipomwona mamake, alikimbia na mikono imeinuliwa, kiatu kimoja kikamtoka mguuni, akaendelea kukimbia bila hicho kiatu. Chelangat aliona. Akatamani, kwa pumzi moja tu.

"Na huyu?" sauti ikauliza nyuma ya sikio lake.

Alijua neno la kujibu. Ni neno fupi, hata Nyambeki angeweza kulitamka. Hakulisema.

Asubuhi ya Jumamosi mlango wake uligongwa kwa mkono mdogo. Nyambeki alikuwa amesimama miguu mitupu, umande umemlowesha mpaka magotini.

"Mama, nasikia njaa," akasema, akamshika Chelangat kanga.

Nyuma yake, akija polepole katika njia ya chai na mwavuli mkononi, alikuwa Phanice. Chelangat alishukuru Mungu, akidhani mwenzake amekuja akimtafuta mtoto. Lakini Phanice alikuwa akitabasamu, lile tabasamu la adabu ambalo watu huwapa wasiowajua vizuri.

"Habari ya asubuhi, Chelangat. Huyu mtoto wako nimempata kwa barabara pekee yake, nikasema wacha nimlete." Aliinama, akamgusa mtoto shavu. "Ni mrembo. Anaitwa nani?"

Chelangat akapiga kelele ambayo wachuma chai waliisikia ng'ambo ya bonde.

Mpishi wa shule ya watoto wa wafanyakazi alikuwa mama mmoja aliyeitwa Drusilla. Kabla ya kurudi bara alifanya kazi za nyumba Mombasa miaka ishirini. Alikuwa mtu wa kanisa wa kukaa benchi la mbele, ila kina mama walijua kuna mambo aliyaona kule pwani ambayo pasta hakuyajua. Chelangat alimwendea mbio, Nyambeki mgongoni, Phanice akifuata kwa kuduwaa. Drusilla alimsikiliza bila kumkatiza. Akatuma koti la Phanice liletwe, akaweka makaa kwenye kigae, akanyunyiza ubani, akafunga mlango. Kufikia hapo ilikuwa saa tisa mchana, saa ya mvua ya mawe.

"Sema yote," Drusilla akamwambia. "Mbele yake. Usipake sukari."

Chelangat akasema. Alisema kuhusu makofi, na rinda, na vile alivyoomba moyoni Phanice augue huko aliko arudishwe. Phanice alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za watu wa nchi nyingine. Mtoto alilala mapajani mwa Chelangat, akinyonya kidole.

Drusilla akainua uso. Aliongea kwa heshima, kwa Kiswahili cha kule alikoishi. "Mgeni wetu, umekaa nasi vya kutosha. Wataka nini ndiyo wende zako?"

Mvua ikanyamaza juu ya paa, ingawa dirishani mawe yalikuwa bado yakianguka.

"Mimi si mwizi," sauti ikasema, na safari hii wote waliisikia. "Nimeitwa. Nimechukua nilichoambiwa, nimempa aliyetaka. Nikirudisha, siendi mikono mitupu."

"Utapewa," Drusilla akasema, akamgeukia Chelangat, na sauti yake ikashuka. "Chako, mwanangu. Si cha mtu mwingine. Kitu chako mwenyewe."

Chelangat alitafuta ndani yake, na ajabu ni kwamba miezi yote hiyo alikuwa hajatafuta huko. "Chukua msitu wangu," akasema.

Ndipo kile kitu kilipokunjuka nyuma yake mpaka mwanga wa dirisha ukazibwa, na harufu ya ua ikamjaa kooni kama maji, na akahisi vidole virefu, vikavu, vyenye moto wa ardhi ya mbali, vikiingia kichwani mwake bila haraka na kuanza kuchagua, tebeswet, tendwet, njia ya kwenda kwenye maporomoko, jike lililopoteza mtoto, dume lililohamia ng'ambo, yale majina aliyowapa na hakumwambia mtu, moja moja, kama mchuma chai anayevunja jani na chipukizi na kutupa kikapuni nyuma yake bila kuangalia, mpaka akasahau ni nini kilichokuwa kikichukuliwa na akabaki akilia tu kwa sababu kilikuwa kinauma.

Kisha mlango ukafunguka wenyewe kwa nje, na mvua ikarudi juu ya paa kwa kishindo.

"Nyambeki," Phanice akasema. Alilisema mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi, na mtoto akaamka, akamtambua, akamrukia.

Koti walilichoma siku hiyohiyo. Phanice alizipata wiki zake sita zote, hata jina la Mmadi. Alimwendea Chelangat baada ya ibada ya Jumapili, wakiwa wawili tu.

"Nimekusamehe," akasema. "Nimeomba mpaka nikaweza. Lakini mtoto wangu usimwangalie."

Chelangat alijaribu kurudi kazini. Siku ya kwanza alipotea hatua hamsini kutoka mtoni, na Bwana Ombati akamkuta amekaa kwenye kisiki, mbega wamejaa juu yake tele, naye akamwuliza hao ni wanyama gani. Aliacha kazi mwezi huo. Mumewe alikuwa na shamba upande wa Soin, kwenye joto, wakahamia huko.

Watu wa Soin wanamwona mwema, ila mwenye maringo kidogo. Jirani akimletea mtoto mchanga amwone, Chelangat humsifu akiwa ameangalia mikono yake mwenyewe. Akikaribishwa kuona nyumba mpya, hukaa nje na kusema miguu inauma. Hawajui kwamba huinamisha macho hivyo kwa hofu, maana mara moja moja, katikati ya mazungumzo ya kawaida, mtu akitaja tu kwamba ng'ombe wake amezaa, Chelangat husikia pumzi nyuma ya sikio lake, tulivu, yenye adabu, ikingoja.