Shati la Karisa na Nyoka Asiyetaga

Nilipousukuma mlango tu, nikamwona Rosebella amelikumbatia shati la mume wangu.

Shati la Karisa! Lile la bluu nililolipiga pasi mwenyewe asubuhi!

Na Karisa kapiga magoti kando yake, kabaki na vesti, jasho linamtiririka...

Nyie! Nikatoa simu, nikaingia laivu papo hapo.

"Leo nimewafuma! Mashemeji zangu wote wawaone!"

"Mama Chonga, usisogee!" Karisa akaniambia.

Eti nisisogee! Kwa mume wangu wa ndoa!

Ngojeni niwaeleze tulifikaje hapo.

Naitwa Mejumaa; nyumbani na ukweni huniita Mama Chonga, kwa jina la mwanangu. Mwaka wa tisa huu nalea nyoka kwenye nyumba ya maonyesho, hapa Bondeni. Watalii wakitoka Ngome ya Yesu huja kwetu kupiga picha na chatu. Karisa ndiye mlishaji.

Chatu nawajua kuliko ninavyowajua wakwe zangu. Jike akishataga hujikunja juu ya mayai miezi miwili, mitatu, na hataki kusumbuliwa. Kwa hivyo sisi hufunga kizimba tukakaa mbali.

Kisha akaja Rosebella kutoka Kisumu na diploma yake ya wanyama. Mrembo, mpole. Upole wenyewe ndio uliniudhi! Angenitukana hata mara moja ningepata pa kumshikia.

Mwezi uliofuata tukaletewa nyoka aitwaye boa, jike nene lenye mimba, la mzungu wa Nyali aliyekuwa akihama. Hatukuwahi kuwa na boa. Nikamtazama: mkubwa, hana sumu, anabana windo mpaka life. Nikasema huyu ni chatu tu, wamembadilisha jina. Nikamtengenezea sanduku la mayai.

"Dada Mejumaa, samahani," Rosebella akasema, tena mbele ya watalii. "Boa ni ukoo mwingine..."

"Nimekuuliza?"

Akarudi kwenye kazi yake. Lakini tangu siku hiyo, yeye na Karisa wakawa watu wa kunong'ona kizimbani kwa boa. Nikiingia, kimya!

Jioni moja tunakula, Karisa akakohoa.

"Mama Chonga, wajua boa huyu kwao Amerika? Chatu wa kwetu hutaga, yeye huzaa watoto wazima. Na waya wa kile kizimba una matundu makubwa. Vitoto vitapita."

Jamani! Miaka tisa Karisa hajanifunza neno la nyoka. Leo namsikia Rosebella akizungumza kwa kinywa cha mume wangu! 

"Umefunzwa na nani?"

"Na... nimesoma tu."

"Wapi? Wewe hata gazeti husomi!"

Nikamfukuza mezani kabla hajamaliza wali. Nikajua nimeibiwa mume.

Sikulala vizuri wiki nzima. Nilimwonea Rosebella wivu mpaka kwa viatu vyake. Alhamisi nikatia kufuli kwenye kizimba cha boa, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso. Tuone watanong'onea wapi!

Ijumaa ndiyo siku yangu ya mapumziko. Nikaenda kwa dada yangu Ganjoni, nikazifungia namba zao wote wawili wasinipigie. Ilipofika alasiri nikashindwa kuvumilia. Nikachukua tuk-tuk kwenda kuwafumania.

Na nikawafumania!

"Lete hilo shati!" nikamwambia Rosebella.

"Dada, tafadhali... polepole..."

Shati likacheza.

Simu nusura inianguke. Kichwa kidogo kikachungulia kwenye kola, ulimi nje ndani, nje ndani...

"Humu mna kumi na tisa," Rosebella akasema. "Wengine wamepita kwenye waya kabla hatujavunja kufuli, na huko nje watu watawaua. Na mmoja yuko karibu na mguu wako."

Nikatazama chini. Alikuwa pale, kakunjika kando ya kandambili yangu, mzima. Yai hakuna. Ganda hakuna.

Kufuli langu lilikuwa sakafuni, limevunjwa.

"Tumekupigia mara kumi na nne," Karisa akasema. "Umetufungia namba."

"Na ule mnong'ono wenu?"

Karisa akamtazama Rosebella, kisha akanitazama mimi.

"Yeye ndiye aliyenituma. Alisema, 'Dada akilisikia neno hili kwangu hatalikubali. Liseme wewe, liwe lako.' Nikalisema. Nawe ukanifukuza mezani."



Hapo akaingia Bi Nasiha, mwenye nyumba ile ya nyoka. Kitoto kimoja kilikuwa kimeingia duka la jirani, wateja wamekimbia bila viatu.

"Nani alitia kufuli? Huyo kuanzia leo sitaki kumwona kwa nyoka wangu!"

Rosebella akasogea mbele. "Bi Nasiha, ni mi..."

Mnaelewa? Alikuwa anataka kunibebea kosa langu!

"Ni mimi," nikamkata. "Mejumaa. Nilifunga kwa wivu."

Wallahi, neno hilo lilikuwa zito kuliko chatu yeyote niliyewahi kumbeba.

Sasa mimi nakata tiketi mlangoni. Chatu wangu anawalea Rosebella, na jioni huja kuniuliza: huyu anapenda nini, yule anaogopa nini. Namjibu. Bado yanauma, sitawadanganya.

Dada zangu, neno la kweli lisikilizeni hata likitoka kwa mnayemwonea wivu. Mimi nilitafuta mwanamke ndani ya shati, nikakuta watoto kumi na tisa ambao ningewaua kwa kufuli langu.

Na ile laivu? Sikuizima! Mashemeji waliona yote mpaka mwisho. Ukweni siku hizi hakuna aniitaye Mama Chonga.

Wananiita Mama Boa.