Kura Zilizohesabiwa Mara Mbili

Kamado aliamka kabla ya jua, kama kawaida yake. Aliwasha jiko, akachemsha viazi vitamu, akafungulia redio. Nyuma ya nyumba nguruwe walikuwa wanapiga kelele za njaa. Mumewe, mzee Seijun, alikuwa anawamwagia makombo huku akiwatukana kwa mapenzi.

"Kuleni, walafi nyie! Mtanimaliza!"

Walikuwa watu wa Okinawa. Walikuja Hawaii wakiwa vijana, wakakata miwa huko Waipahu mpaka migongo ikachoka. Sasa walifuga nguruwe pembeni mwa kambi ya wafanyakazi wa miwa. Binti yao Hatsue aliolewa, akahamia Honolulu. Kambini kila mtu aliwaita Baba Hatsue na Mama Hatsue.

Mwaka huo ulikuwa 1960. Hawaii ilikuwa jimbo changa la Marekani. Zamani watu wa bara ndio waliomchagua Rais, na watu wa visiwani walisikia matokeo tu redioni. Sasa zamu yao ilikuwa imefika. Kamado na Seijun walikwishapata uraia. Walikuwa wamesoma darasa la jioni pamoja na wazee wenzao, wakajifunza kusoma, wakajiandikisha kupiga kura.

Lakini Kamado alikuwa na hofu. Je, akikosea?

Jumamosi moja alipita jirani yao, Nohea Kaupu. Nohea alikuwa Mhawaii wa asili, mshonaji wa nguo, mcheshi asiyejua kunong'ona. Alikuwa amechaguliwa kuwa karani wa kituo cha kupigia kura.

"Shoga, leo tunafanya mazoezi," alisema. Alichukua kipande cha karatasi, akachora viboksi viwili. "Hiki cha mgombea wa kwanza, hiki cha wa pili. Weka alama ya mkasi ndani ya kimoja. Usinionyeshe."

Kamado aligeuka pembeni. Aliweka alama yake taratibu. Kisha, kwa kuwa alikuwa amejifunza kuandika jina lake na alijivunia sana, akaliandika chini ya karatasi kwa herufi nzuri.

Nohea alipoona jina alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Hatsue! Hii kura imekufa!"

"Imekufaje? Si nimeandika vizuri?"

"Umeandika vizuri mno! Kura ni siri, mwenzangu. Ukiandika jina, watajua ni yako. Inatupwa. Alama moja tu, ndani ya boksi. Isitoke nje, isiguse boksi la pili."

"Na mkono ukinitetemeka?"

"Usiitumbukize sandukuni. Ikunje, uirudishe kwa karani, uombe nyingine. Ni haki yako. Hakuna wa kukucheka."

"Wewe je? Umenicheka sasa hivi."

"Hapa nyumbani nacheka. Kule nitakuwa na uso wa jiwe."

Seijun aliingia akinawa mikono. "Mnajisumbua bure," alisema. "Marekani ina watu kama mchanga. Kura yangu mimi, mfuga nguruwe, itamfanya nini mtu?"

"Haba na haba hujaza kibaba, Baba Hatsue."

"Kibaba chenyewe kiko Washington!"

Nohea akavuta kiti, akakaa. "Sikiliza, mzee. Rais hapatikani kwa kujumlisha kura za nchi nzima tu. Kila jimbo lina kura zake maalumu za kumchagua. Sisi ni wadogo, tuna tatu. Atakayeongoza hapa Hawaii anazichukua zote tatu, hata akiongoza kwa mtu mmoja. Kwa hiyo hushindani na mchanga wa bara. Unahesabiwa hapa, pamoja na majirani zako."

"Mtu mmoja! Lini umeona watu wakapishana kwa mtu mmoja?" Seijun akatabasamu, akachukua kiazi.

Siku ya uchaguzi ikafika. Kamado alivaa gauni lake la kuendea harusi.

"Baba Hatsue, twende."

"Siwezi. Nguruwe jike anakaribia kuzaa."

"Mbona amelala usingizi?"

"Ndivyo wanavyofanya kabla ya kuzaa. Halafu huko bara jua hututangulia, wanahesabu tayari. Sisi ni mkia tu. Nenda wewe, unatosha."

Kamado alikwenda peke yake. Foleni ilikuwa ndefu. Palikuwa na Wafilipino, Wajapani, Wareno, Wahawaii, wote wamechana nywele kama wanakwenda kupigwa picha. Nohea alikuwa nyuma ya meza. Kweli alikuwa na uso wa jiwe. Alimpa karatasi, akamwonyesha kibanda.

Ndani ya kibanda Kamado aliyasoma majina. Aliyasoma tena. Alishika kalamu, na mkono ukaanza kutetemeka. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ukateleza, ukavuka boksi, ukaingia kwenye boksi la chini.

Jasho lilimtoka. Watu walikuwa wanangoja nje. Alitamani kuikunja, kuitumbukiza na kukimbilia nyumbani. Nani angejua? Lakini yeye mwenyewe angejua. Alikuwa amengoja tangu ujana wake.

Alitoka, akaenda mezani.

"Nimeiharibu," alisema kwa sauti ndogo. "Naomba nyingine."

Nohea hakutabasamu. Aliipokea ile karatasi iliyokunjwa bila kuifungua, akaiweka kando pamoja na zilizoharibika, akampa mpya. Hakuna aliyecheka. Safari hii Kamado aliubana mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto. Alama ikakaa katikati ya boksi kama mbegu ndani ya tunda. Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyetoka kupewa zawadi.

"Umempigia nani?" Seijun aliuliza.

"Nimempigia ninayemtaka."

"Mimi mume wako!"

"Na kura ni kura yangu. Jike amezaa?"

Jike hakuwa amezaa. Alizaa siku mbili baadaye.

Huko bara Kennedy alimshinda Nixon. Lakini Hawaii kwenyewe mambo hayakuisha. Redio ilitangaza kwamba Nixon ameongoza jimboni kwa kura 141 tu. Seijun aliacha kutafuna.

"Mia moja na arobaini na moja? Visiwa vyote?"

"Visiwa vyote," Kamado alisema. "Hata hii kambi yetu ina watu wengi kuliko hao."

Tofauti ilikuwa ndogo mno, hivyo watu wa upande wa Kennedy wakaenda mahakamani. Kura zikaanza kuhesabiwa upya. Karatasi zenye utata ziliangaliwa moja moja. Hii alama iko ndani au nje? Hii imegusa maboksi yote mawili? Kamado alisikia habari hizo akaikumbuka karatasi yake ya kwanza. Alishukuru kwamba hakuona aibu kuirudisha.

Mwisho wa mwaka walichinja nguruwe wa sikukuu. Kamado alikuwa anakaanga andagi, maandazi ya kwao ya mviringo, Nohea alipoingia akihema.

"Imegeuka! Kennedy ameshinda Hawaii! Kwa kura mia moja na kumi na tano!"

Seijun alibaki na kisu mkononi. Alitazama nje, upande wa kambi, nyumba kwa nyumba. Fulani hakwenda. Fulani naye hakwenda. Fulani alisema ana kikohozi. Na yeye mwenyewe alisingizia nguruwe.

"Tungeweza kuijaza ile tofauti sisi wavivu peke yetu," alisema.

"Ndiyo maana yake, mzee," Nohea alisema, safari hii kwa upole. Akachukua andagi la moto. "Lakini uchaguzi haujaisha duniani."

Seijun akaweka kisu chini. Kisha akavuta kiti. "Basi nichoree hayo maboksi," alisema.

Ulipofika uchaguzi wa 1962, wa gavana na wabunge, Seijun aliamka kabla ya mkewe. Alisugua gari lake la kubebea makombo ya nguruwe kwa sabuni, akapita kambini akipiga honi.

"Pandeni! Mwenye kikohozi akohoe humu humu!"

Walipanda wakiwa wameziba pua na kucheka. Gari lilijaa mara tatu. Kituoni Seijun aliingia kibandani, akakaa humo. Akaendelea kukaa. Foleni ikaanza kunung'unika.

"Baba Hatsue," Nohea aliita kutoka mezani, "umelala humo?"

"Ngojeni!" alijibu kutoka nyuma ya pazia. "Naiweka sawasawa. Wakihesabu mara ya pili, nataka nao waione!"